Jiko dogo na mashine ya kuoshea vyombo: anza na maji

Dada, umeuliza kama mashine ya kuoshea vyombo inafaa kwenye jiko la mita 2 kwa 2.5, nyumba ya kupanga, watu wanne. Naona hofu yako ni nafasi. Mimi ningeanza na maji.

Ninayo ile nyembamba ya sentimita 45 (za kawaida ni 60), huku Tabata. Wiki ya kwanza iligoma kabisa: tenki liko juu kidogo tu ya paa, presha hakuna, mashine inavuta maji kidogo halafu inapiga kelele na kuzima. Fundi alipofunga pampu ndogo ndipo ikatulia. Maji yetu ya kisima nayo ni magumu, nisipoiwekea chumvi yake maalumu glasi zinatoka na ukungu mweupe.

Umeme si wa kutisha, mzunguko mmoja ni kama uniti moja ya LUKU.

Sasa vyombo vyenyewe. Sahani, vikombe, vijiko: safi mno. Sufuria ya ugali yenye ukoko bado utailoweka na kuisugua mwenyewe. Za alumini zinatoka zimefifia na kuwa nyeusi. Ile aliyonipa mama hadi leo naificha akija. Mwiko na mbuzi ya nazi usithubutu.

Kama una kipande kimoja tu cha meza cha kukatia mboga, usikiachie mashine. Tundika rafu ya kukaushia vyombo juu ya sinki, ongeza beseni la pili, hela nyingine weka.