Daftari la mbegu kwanza, maabara baadaye

Ninyi mnaoanza kuchunguza utofauti wa kijenetiki wa misonobari, nawasihi mfungue daftari la mbegu kabla ya kuingia maabara. Mimi sikufanya hivyo. Katika shamba la Pinus patula, aina ya msonobari, nililoanza nalo, nilichuma majani, nikayakausha kwa silika jeli kama nilivyofundishwa, na miezi kadhaa baadaye nikabaki na majedwali nisiyoweza kuyaeleza, kwa kuwa hakuna aliyeandika kama mbegu zilichumwa kwenye miti mama mitatu au mia tatu, wala kama zililetwa moja kwa moja kutoka Meksiko, uliko msitu wa asili, au zilipitia kwanza mashamba ya nchi nyingine.

Pinus radiata, aina nyingine ya msonobari, ina misitu ya asili katika sehemu 5 tu: Año Nuevo, Monterey na Cambria kwenye pwani ya California, na visiwa vya Guadalupe na Cedros vya Meksiko. Hata hivyo imepandwa kwenye mamilioni ya hekta, na uchunguzi umeonyesha kuwa ile ya Australia na Nyuzilandi ilitokana zaidi na Año Nuevo na Monterey. Ukubwa wa shamba, basi, hauongezi jeni ambazo hazikuletwa.

Msidanganywe na wastani. Chavua ya msonobari huchukuliwa mbali na upepo, hivyo sehemu kubwa ya utofauti imo ndani ya kila msitu, na shamba lililotokana na miti mama ya kutosha laweza kulingana kwa wastani na msitu wa asili. Kinachopotea kwanza ni aleli adimu, yaani matoleo ya jeni yasiyopatikana kwa wingi. Ile yenye kiwango cha asilimia 5 msituni, ukipima miti 10 una uwezekano wa takribani asilimia 36 wa kuikosa. Ukipima 30, uwezekano huo hushuka chini ya asilimia 5. Msituni mimi huacha angalau mita 100 kati ya mti na mti, maana majirani mara nyingi ni ndugu.

Mkipima mbegu, zipasueni kwa uangalifu chini ya darubini. Ile tishu nyeupe inayokizunguka kiinitete, tofauti na chakula cha punje ya mahindi, imetoka kwa mama peke yake, tena ikiwa na seti moja tu ya kromosomu. Ikipimwa kando na kiinitete, huonyesha aleli ya baba kwa kutoa tu: ondoa aleli ya mama kwenye zile za kiinitete, inayobaki ni ya baba. Ikichanganyika na kiinitete, aleli ya baba hufifia na mbegu husomeka kana kwamba ina aleli moja.