Uingereza ilijitoa, ilijitenga au ilitolewa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kazi yangu ni kutafsiri habari za kimataifa redioni. Nimeandaa kipindi kuhusu mvutano wa Waingereza juu ya kutoka katika Umoja wa Ulaya, nikaandika hivi: "Mwaka 2016 Waingereza walijitenga na Jumuiya ya Ulaya baada ya asilimia 52 ya wananchi kuamua hivyo." Mhariri ameirudisha sentensi nzima, anasema ina makosa na inapendelea upande. Mwenzangu mmoja anasema tuandike "kujiondoa", mwingine "kujitoa", na yupo anayeng'ang'ania "kuachana". Je, maneno haya yanatofautiana kweli, au ni ladha ya mwandishi tu?

JIBU: Marahaba. Yanatofautiana, na mhariri wako ana haki. Katika habari hii mwandishi wa Kiswahili anaweza kuchukua upande bila kujua, maana waliokuwa wakigombana waligombania mpaka namna ya kulitaja jambo lenyewe. Nianze na kitenzi, kwa kuwa ndicho ulichouliza.

"Kujitenga" ni kukaa mbali na wenzako. Mgonjwa wa maradhi ya kuambukiza hujitenga. Mtu aliyekasirika na ndugu zake hujitenga. Kwenye siasa tumezoea kukitumia kitenzi hiki kwa sehemu ya nchi inayojimega ili iwe dola: Sudan Kusini ilijitenga na Sudan mwaka 2011. Uingereza haikuwa jimbo la Ulaya. Ilikuwa dola kamili yenye uanachama, na uanachama ndio iliouacha. Zaidi ya hapo, picha ya nchi inayojifungia ndani ndiyo iliyotumiwa na waliotaka kubaki, na ndiyo iliyokanushwa vikali na waliotaka kutoka. Hawa walishikilia kwamba nia yao ni kufanya biashara na dunia nzima na kutunga sheria zao wenyewe. Kwa hiyo ukiandika "walijitenga" kama maelezo yako, umeshahukumu kabla msikilizaji hajasikia hoja yoyote.

Kuna sababu nyingine ya kukiweka akiba kitenzi hicho. Katika habari hiihii utakuja kukihitaji kwa Uskoti. Tarehe 18 Septemba 2014 Waskoti walipiga kura kuamua kama nchi yao iwe dola huru, na asilimia 55 wakakataa. Baada ya kura ya 2016 suala hilo lilifufuka, kwa kuwa asilimia 62 ya waliopiga kura Uskoti walitaka kubaki Ulaya. Sasa fikiria sentensi inayosema Uskoti inataka kujitenga na Uingereza kwa sababu Uingereza imejitenga na Ulaya. Msikilizaji wa redio, ambaye hawezi kurudi nyuma kusoma tena, amepotea. (Hata hapo kumbuka kwamba wanaounga mkono hatua hiyo ya Uskoti wenyewe husema "uhuru".)

"Kuachana" nako kuna kasoro, na kasoro iko kwenye -ana. Kiambishi hicho kinataka pande mbili zitende: wameachana, yaani kila mmoja amemwacha mwenzake. Umoja wa Ulaya haukuiacha Uingereza. Kifungu cha 50 cha Mkataba wa Umoja wa Ulaya, kilichoingizwa na Mkataba wa Lisbon na ambacho ndicho kilichofuatwa, kinampa mwanachama mwenyewe haki ya kuamua kuondoka na kutoa taarifa. Serikali ya Theresa May, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, ilitoa taarifa hiyo tarehe 29 Machi 2017. Mtendaji ni mmoja, na anayetendwa ni yeye mwenyewe. Kiswahili kina kiambishi cha hali hiyo, nacho ni -ji-.

Ndiyo maana "kujitoa" na "kujiondoa" vyote viwili ni sahihi. Kati ya hivyo kweli ni ladha. Mimi huchagua "kujitoa" kwa sababu ni kifupi na hutamkika vizuri hewani. Angalia tu kihusishi kinachofuata: mtu hujitoa katika au kwenye chama, bali hujitoa kwa ajili ya jambo analolipenda. Usije ukaandika "Uingereza ilijitoa kwa Umoja wa Ulaya", maana hapo unakaribia kusema ilijitolea kuutumikia. "Kutoka" bila -ji- ni kitenzi kizuri pia, hakina lawama yoyote, ila hugongana na "kutoka" kihusishi, ukajikuta na "kutoka kutoka".

Lakini kuna umbo moja la kitenzi hiki ambalo nataka ulitazame kwa karibu, kwa sababu ndani yake umo mgogoro wote. Kutokana na "toa" tunapata "jitoa" na tunapata "tolewa". Kwa serikali ya London, nchi ilijitoa. Kwa viongozi wengi wa Uskoti waliopinga, nchi yao ilitolewa: walilalamika kwamba wanaondolewa Ulaya bila ridhaa yao. Tukio ni lilelile, tarehe ni ileile, anayebadilika ni anayesema. Katika simulizi yako mwenyewe sema "ilijitoa", maana dola iliyotia saini ilikuwa moja. Ukimnukuu Mskoti mwenye msimamo huo, "tumetolewa" ni neno lake halali. Lipe alama za kunukuu au useme wazi nani kasema, na usilirekebishe.

Hapo ndipo linapoingia neno lako la pili, "Waingereza". Kwetu "Uingereza" hubeba mizigo miwili: dola nzima yenye England, Uskoti, Wales na Ireland Kaskazini, na pia England peke yake. Siku za kawaida hakuna anayeumia. Kwenye kura hii mkanganyiko unapotosha habari. England ilichagua kutoka kwa asilimia 53.4 na Wales kwa asilimia 52.5, Uskoti ilichagua kubaki, na Ireland Kaskazini pia, kwa asilimia 55.8. Basi andika "Uingereza" kwa dola nzima, na unapogawa matokeo andika "England" kwa tahajia yake, hata kama wakubwa wa lugha wangependa jina la Kiswahili. Msikilizaji akisikia "Uingereza ilitaka kutoka, Uskoti ikataka kubaki" ataelewa kwamba Uskoti haimo Uingereza.

Tena, "Waingereza" hawakuwa peke yao vituoni. Sheria ya kura ile iliwaruhusu raia wa Ireland na wa nchi za Jumuiya ya Madola waliokuwa wakiishi Uingereza kihalali na walioandikishwa. Mkenya au Mtanzania mkazi wa London aliweza kupiga kura. Mfaransa au Mpoland aliyeishi jirani yake kwa miaka ishirini, akilipa kodi zote, hakuweza, ingawa maisha yake ndiyo yaliyokuwa hatarini kubadilika. Jambo hili liliwauma wengi na linastahili kusikika kwenye kipindi chako. Andika "wapiga kura", neno lisilodai zaidi ya linachojua.

Kwa sababu hiyohiyo "asilimia 52 ya wananchi" haifai. Matokeo yalikuwa kura milioni 17.4 za kutoka dhidi ya milioni 16.1 za kubaki, yaani asilimia 51.9 kwa 48.1 ya kura halali. Walioandikishwa walikuwa takriban milioni 46.5 na waliojitokeza ni asilimia 72.2. Kwa hiyo waliochagua kutoka ni karibu asilimia 37 ya walioandikishwa. Waliopinga matokeo wameitumia sana hesabu hiyo ya 37, na waliounga mkono wamewajibu kwamba asiyepiga kura hahesabiwi popote. Wewe usiingie humo. Sema tu "ya kura zilizopigwa" na umemaliza.

Sasa kiambishi cha wakati. "Mwaka 2016 walijitenga" si kweli hata ukibadilisha kitenzi. Mwaka 2016 walipiga kura, tarehe 23 Juni. Kujitoa kwenyewe kulikuja tarehe 31 Januari 2020, na sheria nyingi za Ulaya ziliendelea kutumika mpaka tarehe 31 Desemba mwaka huo kulipokwisha kipindi cha mpito. Ni muda mrefu huo, na ndani yake ndimo ugomvi ulimochacha: Bunge liliyakataa makubaliano ya Theresa May mara tatu mwaka 2019, mara ya kwanza kwa kura 432 dhidi ya 202, zaidi ya watu milioni sita wakatia saini ombi la kubatilisha taarifa ya kujitoa, Mahakama ya Juu ikatamka kwamba hatua ya Boris Johnson, waziri mkuu aliyemfuata May, ya kusimamisha vikao vya Bunge ilikuwa kinyume cha sheria. Ukisema walijitoa 2016, umeyafuta yote hayo, na msikilizaji atashangaa watu walikuwa wakiandamania nini mwaka 2019. Andika "walipiga kura ya kutaka kujitoa". Na "imejitoa", kwa -me-, isingefaa asubuhi ya tarehe 24 Juni 2016, kwa kuwa -me- husema jambo limekwisha kutimia.

Kuhusu "Jumuiya ya Ulaya": nafahamu linakotoka, tuna jumuiya yetu na ulimi umezoea. Uingereza ilijiunga tarehe 1 Januari 1973 na Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya. Mwaka 1975 ikapiga kura ya maoni ya kwanza, na asilimia 67 wakataka kubaki. Umoja wa Ulaya ulizaliwa mwaka 1993 Mkataba wa Maastricht ulipoanza kufanya kazi. Kwa hiyo sentensi ya 1975 inataka "Jumuiya", ya 2016 inataka "Umoja". Usione ni upekuzi wa bure. Wapo wazee wa Uingereza waliosema wazi kwamba 1975 walikubali soko na hawakukubali umoja wa kisiasa. Ukitumia jina moja kwa miaka yote, hoja yao haisikiki kabisa. Wapinzani wao hujibu kwamba azma ya kisiasa ilikuwemo tangu mwanzo. Majina mawili yakikaa kila moja mahali pake, msikilizaji ataweza kuwapima wote.

"Kura ya maoni" hukuiuliza, lakini utaitumia, basi nikuonye. Neno hilo kwetu hutumika pia kwa mchujo wa wagombea ndani ya chama na kwa uchunguzi wa misimamo ya watu kabla ya uchaguzi. Mara ya kwanza unapolitaja, fafanua: kura ya maoni ya nchi nzima. Kisheria kura ile haikulilazimisha Bunge. Januari 2017 Mahakama ya Juu iliamua kwamba serikali haiwezi kutoa taarifa ya kujitoa bila idhini ya Bunge. Lakini serikali ilikuwa imesambaza kijitabu nyumba kwa nyumba kikiwaahidi watu kwamba itatekeleza watakachoamua. Upande mmoja uliyaita matokeo "maoni", upande wa pili ukayaita "uamuzi". Wewe yaite matokeo.

Nimebakiza jambo ambalo naliona ni zito kuliko yote, ingawa halimo katika sentensi yako. Ni vitenzi vya kusema. "Kudai" hutia shaka, "kueleza" na "kubainisha" huthibitisha, "eti" hukejeli. Kambi ya kujitoa ilizungusha basi jekundu lenye maandishi kwamba Uingereza hupeleka Ulaya pauni milioni 350 kila wiki. Kiasi hicho kilikuwa kabla ya punguzo ambalo Uingereza ilikuwa ikipewa, na mamlaka ya takwimu ya nchi hiyo ilisema namna kilivyotumiwa ilikuwa ya kupotosha. Kwa upande wa pili, Wizara ya Fedha ilitabiri mwezi Mei 2016 kwamba kura ya kutoka ingeuingiza uchumi kwenye mdororo mara moja, na mdororo huo wa papo kwa papo haukutokea. Nimeona tafsiri ambamo wa basi "walidai" na wa wizara "walibainisha". Huo ni upendeleo, hata kama mwandishi hakuukusudia. Kama ni "walisema", na wawe wote walisema. Halafu eleza ukweli wa kila kauli kwa takwimu, si kwa kitenzi.

Kwa hiyo ningeiandika sentensi yako hivi: "Katika kura ya maoni ya nchi nzima ya tarehe 23 Juni 2016, asilimia 51.9 ya kura zilizopigwa Uingereza ziliunga mkono nchi hiyo kujitoa katika Umoja wa Ulaya. Ilijitoa rasmi tarehe 31 Januari 2020." Ni ndefu kuliko yako, na redioni unaweza kuikata vipande viwili penye nukta. Ukitaka kuanza na nomino, chunga upatanisho: kujitoa kwa Uingereza kulizua mjadala, si "kulizuka" wala "ilizua". Umoja wa Ulaya ulisema, lakini ukitumia kifupisho, EU ilisema. Na Brexit, jina la Kiingereza la kujitoa huko, iache hivyo ilivyo, katika ngeli ya i-zi: Brexit iliwagawa, Brexit hiyo, Brexit yenyewe.