Maswali ya wasomaji: Marupurupu ya wabunge yatawekewa kikomo na nani?

SWALI: Hujambo mhariri. Mimi ni mwalimu mstaafu, niko Kitale. Kila mwaka nasikia watu wakisema itungwe sheria ya kupunguza marupurupu ya wabunge na kila mwaka naona yanaongezeka tu. Kwani si wao wenyewe wanaotunga hiyo sheria? Na ule mswada wa Punguza Mizigo uliishia wapi, maana niliweka sahihi.

JIBU: Sijambo mwalimu. Kikomo tunacho tayari, tena kiko kwa katiba yenyewe. Kifungu cha 230 cha katiba ya Kenya ya 2010 kiliwanyang'anya wabunge uwezo wa kujipangia mshahara kikaipa SRC, yaani Tume ya Mishahara na Marupurupu, na SRC inatakiwa kuangalia kama nchi itamudu. Shida ni kwamba waheshimiwa hawajawahi kuikubali kwa roho safi. Mwaka wa 2013 SRC ilisema mbunge mpya alipwe 532,500 kwa mwezi, wale wa bunge lililotangulia walikuwa wanabeba kama 851,000, basi wakachemka, wakapitisha hoja ya kufuta agizo la SRC, wananchi nao wakaandamana mpaka wakaachilia nguruwe nje ya Bunge. Mwishowe mshahara haukupanda, lakini wakapata ruzuku ya gari, milioni 5 kila mmoja. Yaani mlango wa mshahara ukifungwa wanapitia dirisha la posho, na huko ndiko pesa zetu zinaenda: vikao, kamati, safari, mikopo ya nyumba ya riba ndogo.

2019 ikawa hivyo tena. Tume ya Huduma za Bunge, ambayo wengi wa wanachama wake ni wabunge, ikawapa wenzao 250,000 za nyumba kila mwezi bila SRC. SRC ikaenda kortini, na Desemba 2020 Mahakama Kuu ikasema pesa hizo hazikuwa halali na zirudishwe.

Kuna kifungu kingine watu hawakisemi sana, 116(3): sheria yoyote inayowapa wabunge faida ya pesa moja kwa moja haianzi kufanya kazi mpaka baada ya uchaguzi unaofuata wa wabunge. Ni kizuri sana ila kinagusa sheria peke yake, posho ikipitishwa na tume huko ndani hakiishiki. Hilo pengo ndilo linaniuma mimi.

Sasa Punguza Mizigo. Ulikuwa mswada wa kurekebisha katiba, wa Ekuru Aukot na chama cha Thirdway Alliance, na 2019 tume ya uchaguzi, IEBC, ilithibitisha sahihi zaidi ya milioni 1, yako ikiwemo. Ulitaka wabunge washuke kutoka 416 hadi 147 na mshahara wa mbunge usizidi 300,000 kwa mwezi. Ulihitaji kupita kwa kaunti 24 na haukuzifikisha, mabunge mengi ya kaunti yaliukataa. Naona ulibeba mambo mengi kwa mkupuo mmoja, maana ukipunguza viti unamgusa kila mwanasiasa anayeota kugombea ubunge, na hao MCA, yaani wawakilishi wa wadi kwenye mabunge ya kaunti, tuliowapelekea waupitishe ni wa kwanza kuota. Mimi ningetaka mswada wa kifungu kimoja tu, kwamba posho ambayo SRC haijaichapisha kwenye gazeti rasmi la serikali hailipwi, na aliyeidhinisha anairudisha kutoka mfukoni mwake. Huo hata MCA ataona aibu kuukataa mbele ya watu wa wadi yake. Ukianza nitatafuta kalamu, na nawe mwalimu usichoke.

SWALI: Je, ni kweli wabunge hawakatwi ushuru? (Msomaji, Voi)

JIBU: Hiyo ilikuwa zamani, sehemu kubwa ya posho zao haikuguswa. Kifungu cha 210 cha katiba kinakataza sheria yoyote kumwondolea afisa wa serikali ushuru kwa sababu ya cheo chake. Walipoanza kudaiwa 2011 walipiga kelele kweli kweli, lakini cheo si kinga tena.