SL1 haivuti mabehewa: saga nyuso za silinda kabla ya kugusa presha

Mkuu, umeuliza kwa nini Mamod SL1 yako ya mtumba, kile kichwa kidogo cha treni ya kuchezea kinachoendeshwa kwa mvuke halisi, inazunguka vizuri ukiinyanyua, lakini ukiishusha relini na kuifunga mabehewa mawili inasimama, huku mvuke ukivuja ubavuni mwa silinda. Ukauliza pia kama uweke valvu ya usalama ya pauni 40 kwa inchi ya mraba, yaani bar 2.7. Nianze na hilo la pili: usiweke. Boila ya kichwa hiki ilitengenezwa kwa presha ndogo, na kwa kuwa ni ya mtumba hujui nani aliilehemu upya wala kwa nini. Boila nyingi za injini za kuchezea zimeungwa kwa lehemu ya bati na risasi, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi na huanza kulegea mapema zaidi. Kwa bar 1 ya geji, yaani juu ya presha ya hewa ya kawaida, maji yanachemka kwenye nyuzi 120. Kwa bar 2.7 yanafika 141. Unaila ile nafasi ya usalama bila kupata nguvu unayoitaka, kwa sababu nguvu yako haikosekani kwenye boila. Inapotelea kwenye silinda.

Silinda za SL1 zinacheza kwenye egemeo. Tundu lililo kwenye uso wa silinda linapita mbele ya matundu ya kipande kilichofungwa kwenye fremu, mara linapokea mvuke, mara linautoa. Kinachozibana nyuso hizo mbili ni springi tu. Nyuso zikiwa na mikwaruzo, mvuke unapita katikati yake badala ya kusukuma pistoni. Ukiongeza presha bila kugusa nyuso, unaziachanisha zaidi. Ukikaza springi ili kuzuia uvujaji, msuguano unaongezeka na kichwa kinakuwa kizito. Ndiyo maana kazi inaanza hapo.

Fungua silinda, uweke alama ya kushoto na kulia. Tafuta kipande cha kioo kinene, ulaze juu yake msasa wa maji namba 600 wenye tone la mafuta. Saga uso wa silinda kwa kuchora namba nane, ukibonyeza katikati kwa kidole kimoja, si pembeni. Kila baada ya mizunguko kumi geuza silinda robo, la sivyo uso unalala upande mmoja. Kama pini ya egemeo imejitokeza na haitoki, toboa tundu kwenye msasa ili ipite, na tundu hilo liwe ukingoni mwa kioo ili pini isikigonge. Uso ukiwa na rangi moja kote, hamia namba 1200. Fanya hivyohivyo kwa kipande cha fremu, na usisahau valvu ya kugeuza mwendo: nayo ni uso unaobanwa na springi, na wengi wanaiacha ikivuja huku wakilaumu silinda. Osha kila kitu kwa maji ya moto na sabuni, pitisha waya mwembamba kwenye matundu. Chembe moja ya msasa ikibaki ndani, utarudia kazi yote baada ya nusu saa ya kuendesha.

Kabla ya kuwasha moto, pima kwa upepo. Unganisha mpira wa silikoni kwenye bomba la mvuke, si kwenye boila, utumie pampu ya baiskeli yenye geji. Magurudumu yakiwa hewani, kichwa kizuri kinazunguka polepole chini ya bar 0.3. Kikigoma, usikaze chochote; tafuta kinachokwama. Mara nyingi ni fito zinazounganisha magurudumu zilizopinda, au kishikizo cha gurudumu kimoja, ile pini inayoshika fito, kimeteleza. Vishikizo vya upande wa kulia na wa kushoto vinapaswa kupishana nyuzi 90. Vikipishana 80 au 100, kichwa kitazunguka kwa kusitasita mahali palepale kila mzunguko. Angalia pia nafasi kati ya migongo ya magurudumu: kwa reli ya milimita 32, iwe takriban 28. Kisha kaza springi kidogokidogo, uishie pale uvujaji unapokoma. Hapo hapo, usiongeze.

Kinachofuata ni mafuta. Kudondosha mafuta kwenye silinda kabla ya safari hakutoshi, mvuke unayaosha ndani ya dakika chache. Weka kikombe cha mafuta kwenye bomba la mvuke: kitangi kilichozibwa, cha mililita 3 hadi 5, kinachounganishwa na bomba kwa tundu la milimita 0.5 hadi 1. Mvuke unaingia, unapoa na kuwa maji, maji yanazama, mafuta yanapanda na kuingia kwenye njia ya mvuke. Tumia mafuta mazito ya silinda za mvuke, daraja la 460. Mafuta ya injini ya gari hayafai kwa kazi hii, maji moto yanayatoa kwenye chuma. Baada ya kila safari vuta kilichomo kwa sirinji. Ukikuta maji chini na mafuta yaliyopungua kidogo, kinafanya kazi. Ukikuta mafuta vilevile ulivyoyaacha, tundu limeziba.

Moto. Vidonge vya fueli ngumu vinaacha utando unaonata, na moto wake huwezi kuurekebisha. Wengi hubadilisha kuwa spiriti yenye tambi tatu au nne za nyuzi za kioo, zisizokazwa sana kwenye mirija yake, maana tambi zikibanwa spiriti haipandi. Sheria moja isiyovunjwa: moto uishe kabla ya maji. Kwa kila mililita 50 za maji anza na spiriti mililita 15. Spiriti ina takriban kilojuli 21 kwa mililita, na moto wa wazi chini ya boila hupeleka kama theluthi tu ndani ya maji. Kwa hesabu hiyo unabaki na maji mililita 12 hivi. Pima yaliyobaki kwa sirinji safari tatu za kwanza ndipo ubadilishe kipimo. Jaza boila robo tatu tu. Ukiijaza hadi juu, maji yatavutwa pamoja na mvuke na kutemwa kwenye dohani. Kutema kidogo mwanzoni ni kawaida, silinda bado ni baridi: sukuma kichwa mbele na nyuma kwa mkono mpaka zikauke. Na jua likiwa kali mwali wa spiriti hauonekani, kwa hiyo weka taulo lililolowa karibu na usijaze tangi moto ukiwaka.

Baada ya hayo yote, kama bado unataka nguvu, ongeza kipenyo cha silinda, si presha. Kutoka milimita 8 kwenda 10, eneo la pistoni linaongezeka asilimia 56, na matumizi ya mvuke vilevile, ndiyo maana moto unatangulia. Pistoni mpya ichongwe mfereji wa oringi, pete ya kuzibia, ya Viton, aina ya mpira unaostahimili joto; ile ya mpira mweusi wa kawaida inakakamaa haraka kwa joto hili. Kwa oringi yenye unene wa milimita 1.78, ibanwe asilimia 5 hadi 10 tu, mfereji uwe na upana wa 2.3 hivi. Ukiibana kama ya pampu ya maji, pistoni haitasogea.

Anayetaka bar 2.7 kweli anunue boila mpya ya shaba nyekundu iliyounganishwa kwa lehemu ya fedha, iliyopimwa kwa maji mara mbili ya presha ya kazi. Kwa maji, si kwa upepo: boila ikipasuka ikiwa na maji baridi inachuruzika, ikiwa na upepo inarusha vipande. Hata hiyo, kila unapowasha, vuta kidogo shina la valvu ya usalama mvuke unapoanza kupanda. Lisiporudi mahali pake vizuri, zima moto.