Barua kwa mwanangu: vile vidude vya masikioni

Mwanangu Elia,

Salamu kutoka Mwanga, hapa Kigoma. Sote wazima, dada yako yuko na cherehani yake, na lile paa limezibwa. Mvua ya juzi haikuingia ndani.

Umeniuliza, katika vile vitu tulivyotazama pamoja, kipi nimekipenda, ili ukija Desemba uniletee. Nimekaa na swali lako wiki nzima. Ile tarehe 9 Septemba 2025 uliponipigia saa mbili usiku, ukaigeuza simu yako kwenye kompyuta nimwone yule mzee Tim Cook na wenzake wa kampuni ya Apple wakionyesha vitu vyao vipya, huko kwao Marekani ikiwa ndiyo kwanza saa nne asubuhi, nilitazama mpaka bando lako likakatika. Mengine ukanieleza kwa sauti kesho yake, nami nikayasikiliza mara mbili nikiwa pale Kibirizi nageuza dagaa.

Ile simu nyembamba, iPhone Air, unene wa milimita 5.6, imepita tu machoni pangu. Simu yangu unaijua. Vumbi la dagaa huingia kwenye tundu la chaji, na kila jioni nalitoa kwa kijiti cha kiberiti. Wembamba hautanisaidia kitu.

Ya ile saa yao ya mkononi nitaisema kwa ufupi, na unajua kwa nini. Umesema haikupi namba kama kile kipimo cha kufunga mkono, inatazama mishipa ya damu kwa siku thelathini, halafu ikiona dalili za presha inakushtua. Siku thelathini. Mimi na wewe tunajua siku thelathini za mwisho za baba yako zilikuwaje, alivyokuwa akisema ni uchovu wa stesheni. Basi, tuyaache hapo.

Kilichonitoa usingizini ni vile vidude vya masikioni, AirPods Pro 3. Mtu anasema kwa lugha yake, wewe unasikia kwa lugha yako. Sijui kama nimevipenda. Vimenirudisha Kasulu.

Nimekwambieni tangu mkiwa wadogo, neno la mtu ni amana. Ukilipokea, lifikishe kama lilivyo. Ndiyo maana niliwachapa wewe na dada yako kwa ile habari ya mama Zawadi, na sijutii. Lakini sijawahi kuwaambia nilikolitoa neno hilo.

Mwaka 1993, rais wa Burundi, Ndadaye, aliuawa mwezi wa kumi, na watu wakaanza kuvuka mpaka kuja kwetu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, niko nyumbani kwa bibi yako, Kasulu. Walikuja na mikeka, sufuria, watoto mgongoni, na mvua ndiyo zinaanza. Sisi Waha na wao tunasikilizana, hilo unalijua, Kiha na Kirundi ni ndugu. Wauguzi walioletwa walikuwa watu wa mbali, wana Kiswahili tu. Basi wakatafuta wasichana wa pale wa kuwasemea wagonjwa. Nikachukuliwa. Nilijiona mtu mkubwa sana, mwanangu. Nilifunga kitambaa kipya kichwani.

Siku ya tatu au ya nne akaingia mwanamke mmoja mjamzito, umri wa mama yangu mdogo. Nyuma yake amesimama mkwewe, mzee wa kiume, ameshika fimbo na kibuyu chake, mvua inamtiririka, naye hakuwa na pengine pa kusimama ila humo ndani. Muuguzi akaniambia bila kuinua macho kwenye daftari: "Muulize kama anatokwa na damu ukeni, tangu lini, nyingi au kidogo."

Mwanangu, mimi msichana ambaye sijaolewa, nimtamkie mtu wa rika la mama yangu neno hilo, mbele ya baba mkwe wake? Ulimi ulikataa. Nikamwuliza, "Anauliza, unajisikiaje?" Yule mama akanitazama. Akamtazama mkwewe kwa pembeni, hivi. Akasema, "Meze neza," yaani sijambo. Nami nikamgeukia muuguzi nikasema hajambo, hana damu.

Hana damu! Hilo la pili nililiongeza mimi. Hakulisema.

Usiku ule mimba ikatoka. Yeye alipona, nilimwona siku chache baadaye akianika nguo. Alinisalimia vizuri tu. Yule muuguzi aliponiita niliungama, naye hakunifokea. Akasema, kwa hatua aliyokuwa amefikia, huenda tusingeweza kitu. Halafu akaniambia: "Ungeniambia huwezi kusema mbele ya yule mzee. Ningemwomba atoke." Tangu hapo nilijua la kufanya, nikalifanya kwa wote waliofuata, "Mzee, tunaomba utupishe kidogo," mpaka nilipoacha kazi ile. Lakini yule wa kwanza ndiye ninayemwona nikifumba macho.

Sasa nisikilize. Kile kidude hakina haya. Kingeambiwa damu, kingesema damu. Kwa hiyo kimenishinda uaminifu, na mimi ndiye niliyewalea ninyi kwa neno la amana. Nilipokuwa nasikiliza sauti zako hilo ndilo lililonichoma. Nikajiambia, laiti kingekuwepo.

Halafu nageuza dagaa upande wa pili, najijibu. Kingesema damu, sawa, na mkwe yuko pale, amelisikia. Yule mama angejibu nini? Angejibu vilevile, meze neza, na kidude kingelileta jibu lake zima, bila kuongeza wala kupunguza, na bado lingekuwa si kweli. Kidude hakioni nani amesimama nyuma. Mimi nilimwona. Kosa langu ni kwamba nilimwona nikanyamaza. Basi nani mwenye hatia kubwa, asiyeona au aliyeona? Nakuuliza wewe uliyesoma.

Na kuna jambo jingine, nilikuambia kwa simu ukacheka, lakini mimi sikucheka. Ulinitajia lugha walizoanza nazo: Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kireno na Kihispania. Kiswahili hakikuwamo, sembuse Kiha. Nikawaza soko letu. Yule mama wa Uvira, kule Kongo, anayekuja kwangu kila mbalamwezi, wavuvi wakiwa wamelala maana dagaa hawafuati taa usiku wa mwezi, yeye Kifaransa anacho, alisoma. Kidude kitakipokea Kifaransa chake, sawa, kisha kinipe nini masikioni? Kiingereza? Na mimi nikimjibu kwa Kiswahili, kitaduwaa. Wakati sisi wawili hatujawahi kukwama. Ananiambia, "Mama, ndakala iko bei gani leo?" ndivyo wanavyoita dagaa kwao, nami nampimia sado, najaza mpaka inamwagika, tunapunguziana kwa vidole. Siku mwanawe alipofariki hakusema neno. Alikaa juu ya debe langu mpaka jua likaingia nyuma ya milima ya Kongo, nami nikaendelea kuanua.

Usidhani nakataa vitu vipya. Ni mimi niliyemshauri mjomba wako aache karabai achukue taa za sola, na watu wa mtumbwi wake walimcheka msimu mzima kabla ya kumfuata. Hiki nacho watakiongezea lugha, najua, mambo huanza hivyo. Na nikifikiria kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wauguzi wapya wanavyoletwa, mgonjwa ana Kibembe cha Kongo, muuguzi ana Kiswahili cha shule, nasema heri kidude kuliko msichana wa miaka kumi na tisa mwenye kitambaa kipya. Kisha nasema hapana. Neno la mtu ni amana, na amana hupewa mtu unayejua utamdai wapi. Yule mama alijua nyumba yetu. Angetaka kuja kunidai, angekuja. Kidude ukikidai, utakwenda wapi?

Umesema bei yake ni dola 249. Hiyo ni zaidi ya laki sita, Elia, ndio mtaji wangu wa msimu mzima. Tena umesema bila simu yao ya hivi karibuni hakitafsiri kitu. Kwa hiyo unataka kuninunulia viwili, ili nisikie lugha ambazo sizisemi. Moyo wako nimeuona, Mungu akubariki. Lakini kama nakipenda au sikipendi, niache kwanza. Ninalo jibu mdomoni, na nikilitoa sasa nitakuwa nimekujibu kwa ajili ya yule mama wa Kasulu.

Ila nifanyie jambo moja. Yule rafiki yako wa kazini aliyekwisha agiza, mwombe akuazime ukija. Tutakwenda Kibirizi siku mama wa Uvira yuko, aseme Kifaransa chake, wewe usikilize hicho Kiingereza, unieleze polepole kimesema nini. Nitamwomba aseme kitu ambacho mwanamke hawezi kukisema mbele ya mwanamume. Na wewe utakuwa umesimama pale pale. Nataka kuona kama atakisema.

Mama yako