Kuvu wa ndani ya jani: pima kwanza maji ya mwisho

Wanafunzi wanaotaka kuchunguza kuvu waishio ndani ya mimea, wakitafuta dawa, huniuliza waende msitu gani hapa Zanzibar, Ngezi au Jozani. Mimi nawaambia waanze na mdalasini wa nyuma ya nyumba. Muscodor albus, kuvu anayetoa hewa inayoua kuvu wenzake na bakteria, alipatikana ndani ya mdalasini huko Honduras, akaelezwa kisayansi mwaka 2001. Mkarafuu nao usiudharau: majani yake yana eujenoli, mafuta yanayowaua kuvu wengi, kwa hiyo anayestahimili humo ana hila zake.

Chuma majani mazima, yasiyo na madoa, na yafike maabara siku hiyohiyo. Kwa joto letu, jani lililolala ndani ya mfuko wa plastiki huota ukungu wa kila namna. Lioshe kwa maji ya bomba, kisha ethanoli ya asilimia 70, kisha jiki iliyozimuliwa, umalizie kwa kulisuuza na maji yaliyotakaswa. Sasa chukua tone la maji ya suuzo la mwisho ulitie peke yake kwenye agari, yaani rojo la kuoteshea kuvu. Wengi huiruka hatua hii. Kikiota kitu humo, huna uhakika kuvu wako katoka ndani au juu ya jani. Tupa, uanze upya.

Jani lenyewe likate vipande uviweke kwenye agari. Kuvu akichomoza pembeni mwa kipande, kata ncha ya uzi wake umhamishie kisahani kingine. Ukimwacha na kipande cha mkarafuu, utapima eujenoli ya mti ukidhani ni yake.

Wazee wanaotupatia majani huuliza, "Mwanangu, dawa ishapatikana?" Wajibu kweli. Kuua bakteria kwenye kisahani hata jiki inaweza. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walitangaza kuvu Taxomyces andreanae anatengeneza taksoli, dawa ya saratani, lakini kwa kiasi kidogo mno, na dawa hiyo haizalishwi kwa kuvu huyo.

Hifadhi nakala za mwanzo za kuvu wako mapema, maana kuvu akihamishwahamishwa huweza kuacha kutengeneza kile ulichokitafuta. Umeme ukiwa wa kukatika, usitegemee friza tu: vipande vya agari vyenye kuvu ndani ya chupa ya maji yaliyotakaswa hukaa muda mrefu. Lebo andika kwa penseli. Ethanoli hufuta wino.