Maswali na Majibu ya Nyumbani: Jiko la Jioni, Kiporo na Mtungi wa Gesi

Maswali yaliyonifikia mwezi huu, karibu yote, yametoka kwa watu wanaoondoka nyumbani kabla jua halijachomoza na kurejea taa zikiwa zimekwisha kuwashwa. Nilifundisha sayansi kimu kwa miaka mingi hapa Tanga, na hata darasani jambo lililowasumbua wazazi lilikuwa hilohilo: fedha ni chache, lakini muda ni mchache zaidi. Nimechagua maswali sita, nayo nimeyafupisha kidogo.

*Shikamoo Mwalimu. Nina duka la vitambaa Ngamiani na ninafika nyumbani Mikanjuni saa moja na nusu usiku. Watoto wanne wananisubiri na njaa. Kila siku nakusudia kupika, lakini mara tatu au nne kwa wiki naishia kununua chipsi. Friji ninayo. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Sikulaumu hata kidogo, kwa sababu mtu aliyesimama dukani kutwa nzima hawezi kuanza kuchemsha maharage saa mbili usiku. Tatizo lako liko kwenye saa unayoanzia kupika, kwa hiyo hapo ndipo pa kubadilisha. Katika chakula chetu cha pwani, kinachokula muda ni mikunde na nazi; mboga za majani, nyanya na kitunguu ni kazi ya dakika chache. Ukiimaliza ile kazi ndefu Jumapili, jioni zako tano zitabaki na kazi fupi tu.

Jumamosi usiku, kabla ya kulala, chambua kilo moja ya maharage na uyaloweke katika maji mengi. Asubuhi yamwage maji hayo, uyaoshe maharage, weka maji mapya, kisha yachemshe kwa moto mkali kwa dakika 20 za mwanzo, halafu upunguze moto mpaka yaive. Usiziruke dakika hizo za moto mkali, kwa kuwa maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko wa nguvu, na yakipikwa kwa moto hafifu tangu mwanzo yanaweza kuwatapisha walaji. Magadi nakushauri uyaache. Ni kweli kwamba yanalainisha haraka, lakini yanaharibu sehemu ya vitamini B zilizomo na yanaongeza madini yaleyale ya chumvi ambayo wenye presha wanaambiwa wayapunguze. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha hayahitaji msaada huo.

Kilo moja ikiiva huwa zaidi ya kilo mbili, nayo itawatosha kwa milo mitatu. Yagawe katika vyombo vitatu vyenye mifuniko, kila chombo mlo mmoja. Kimoja ni cha Jumatatu, kingine ni cha Jumatano, na cha tatu kiweke kwenye sehemu ya barafu kwa ajili ya Ijumaa. Siku hiyohiyo ya Jumapili, zikune nazi mbili au tatu. Kasimile, yaani tui zito la kwanza, ikamue na kuiweka peke yake, tui la pili liweke katika chombo kingine, na vyote vigandishe kwa vipimo vya mlo mmoja. Kuketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi mara moja kwa wiki kunavumilika. Kuketi juu yake kila usiku ndiko kunakokupeleka kwenye chipsi.

Basi ukifika nyumbani, unakaanga kitunguu na nyanya kwa mafuta kijiko kimoja, unatia maharage na tui la pili, na wakati huo wali uko jiko la pili. Yakishachemka vizuri, punguza moto kabla ya kumimina kasimile, mpaka mchuzi uwe unatetemeka kandokando ya sufuria tu. Ukiuacha utokote kwa fujo tui hukatika, na utaona vijitone vya mafuta vikielea juu huku mchuzi chini ukiwa mwepesi kama maji. Hapo ladha imekwisha kupungua. Jumla ya kazi hiyo ni kama nusu saa. Jumanne na Alhamisi pika choroko, ambazo hazihitaji kulowekwa, au dagaa wa kukausha pamoja na mchicha. Dagaa huliwa na miiba yao, na hapo ndipo mtoto anapopata chokaa ya mifupa kwa bei ndogo kuliko ya maziwa.

Hukunitajia umri wa watoto. Ikiwa mkubwa amefika miaka kumi, akute mchele wa kuchambua, awe wa kike au wa kiume. Wewe ukifika, mchele uwe umekwisha kuoshwa na vitunguu vimemenywa. Wapo wazazi wanaoona kwamba kumpa mtoto kazi ya jikoni ni kumtesa. Mimi naona kwamba mtoto asiyejua kupika chakula chake mwenyewe amenyimwa kitu.

*Mwalimu, mimi ni dereva wa bodaboda, naishi Pongwe. Mke wangu anapikia mkaa na gunia haliishi mwezi. Watu wananiambia ninunue gesi, wengine wanasema gesi ni ya matajiri. Nini kweli?*

Nashukuru kwamba ni baba ndiye aliyeuliza. Jibu la kweli limo katika daftari lako mwenyewe, kwa sababu bei ya mkaa wa Pongwe si ya Chumbageni, na ya masika si ya kiangazi. Andikeni kwa mwezi mmoja kila shilingi ya mkaa, ikiwamo ile ya makopo mnayonunua gunia likiisha, na ya mafuta ya taa ya kuwashia. Kisha jazeni mtungi wa kilo 6 na muandike tarehe ya kuujaza kwa chaki ubavuni mwake. Mtungi ukiisha mtajua umedumu siku ngapi, na hesabu itajisema. Serikali nayo inasukuma upande huo: mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 umelenga asilimia 80 ya kaya ziwe zinatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Sababu ni misitu, na ni mapafu ya mama na watoto wanaokaa na moshi kila siku.

Familia nyingi ninazozijua hutumia vyote viwili kwa muda, yaani gesi kwa chai, uji na mboga, na mkaa kwa vitu vya kuchemka muda mrefu. Hapo kwenye vitu vya kuchemka ndipo ningependa mkeo ajaribu kikapu. Chukueni kikapu kikubwa cha ukindu, mkipange ndani nguo kuukuu na mto wa zamani wa sufi, mkiacha shimo la kukaa sufuria barabara. Maharage yaliyolowekwa yakishachemka kwa nguvu dakika 20, sufuria iwe imejaa na imefunikwa, itumbukizwe humo upesi, juu yake uwekwe mto mwingine, kisha pasifunuliwe. Baada ya muda wa saa nne maharage yameiva bila kipande kimoja cha mkaa kuongezwa. Mara ya kwanza nilipofunua kikapu changu, mvuke ulinipiga usoni hata miwani ikafunga ukungu, nikasimama pale na kijiko mkononi bila kuona kitu. Yarudisheni jikoni yachemke tena kabla ya kula, na msiyaache kikapuni kutwa nzima, kwa kuwa chakula kikishakuwa vuguvugu, vijidudu huanza kuzaliana.

Mambo mawili ya usalama. Ukitaka kujua kama mpira wa gesi unavuja, paka povu la sabuni kwenye maungio uangalie viputo; usitumie kiberiti kamwe. Na jiko la mkaa lisiingizwe chumba cha kulala hata siku ya mvua kubwa, kwa sababu mkaa hutoa gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini.

*Mwanangu, mimi ni bibi wa wajukuu watano hapa Makorora. Tangu utotoni tumekula kiporo cha wali na chai ya asubuhi. Sasa mjukuu wangu aliyesoma ananikataza. Ananionea?*

Shikamoo, bibi. Mjukuu ana haki kwa sehemu, na wewe una haki kwa sehemu. Wali hubeba vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa usiku kucha katika joto letu, mbegu hizo huamka na kutoa sumu, na sumu ikishatoka, kuupasha moto asubuhi hakuiondoi. Wali wa nazi huharibika mapema zaidi kuliko mkavu. Kwa hiyo kiporo kilicholala ndani ya sufuria juu ya meza, wajukuu wasile.

Lakini kiporo si lazima kife. Kama kuna friji, baada ya kula utandaze wali kwenye sinia upoe upesi, uutie chomboni na kuuingiza humo kabla ya saa mbili kupita tangu ulipoiva, na asubuhi uupashe mpaka utoe mvuke. Kama friji hakuna, bibi yangu, kipimo ndicho dawa: robo kilo ya mchele kwa watu wazima wawili, na nusu ya hapo kwa watoto wawili wadogo. Asubuhi mchemshe muhogo au viazi vitamu. Chai itapendeza vilevile.

*Ninalea wadogo zangu wawili, mmoja ana miezi kumi. Nimeambiwa uji lishe mzuri unachanganywa nafaka saba na karanga. Ni ghali. Je, mtoto atadhoofika nisipoweza?*

Hatadhoofika, dada, nami nasikitika kila ninapoona msichana anayebana matumizi akibebeshwa mzigo huu. Mahindi, ulezi, mtama, mchele na ngano vyote ni nafaka. Ukivitia vyote umeongeza wanga juu ya wanga, na umeongeza bei. Chagua unga mmoja, wa ulezi au wa mahindi yasiyokobolewa, upike uji mzito kiasi cha kutomwagika haraka kijikoni, na utajirishe ndani ya bakuli: leo maziwa, kesho dagaa waliokaangwa wakavu na kusagwa, kesho kutwa yai au parachichi lililopondwa. Soya mbichi usiichanganye na unga, kwani isipokaangwa au kuchemshwa kwanza huzuia tumbo la mtoto kusaga protini.

Karanga ni nzuri, lakini zichague moja moja kabla ya kusaga. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupwe mbali, hata kuku wasipewe. Ukungu huo hutoa sumukuvu, na moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, mikoa mikavu kuliko wetu. Sisi wenye unyevu wa bahari tuna sababu zaidi ya kununua unga kidogo kidogo na kuuweka mahali pakavu. Mtoto wa miezi kumi ale mara tatu au nne kwa siku, na kama mama yake yupo, aendelee kumnyonyesha.

*Nimeona mtu anachanganya jiki na ndimu kusafishia choo. Inafaa?*

Haifai hata kidogo. Jiki ikikutana na ndimu au siki hutoa gesi inayounguza macho na kifua, na choo chetu kidogo kisicho na dirisha ni mahali pabaya kuliko pote pa kuivuta. Sabuni ya unga, brashi na maji vinatosha kwa siku nyingi. Jiki itumike peke yake, mlango ukiwa wazi.

*Mboga kutoka Lushoto zikifika Mgandini zimepanda bei, na mchicha ukilala siku moja umenyauka. Sina friji wala shamba, nina uwanja wa hatua nne tu Duga. Nitakulaje mboga kila siku?*

Hatua nne zinatosha matembele. Jaza magunia mawili ya zamani udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, omba kwa jirani vipande vya marando, yaani mashina ya viazi vitamu, vyenye urefu wa kama futi moja, na uvichomeke nusu ardhini, juu na ubavuni mwa gunia. Maji uliyooshea mchele na mboga ndiyo ya kumwagilia, asubuhi au jioni. Baada ya mwezi na siku kadhaa utaanza kuchuma.

Majani yaoshe kabla ya kuyakata, yapike kwa muda mfupi, na maji yake usiyamwage. Kamulia ndimu ukishaepua, ili mwili upate madini ya chuma yaliyomo, na chai isubiri kama saa moja baada ya mlo kwa sababu huyazuia madini hayo. Agizo hili la kupika kwa muda mfupi halihusu kisamvu, ambacho lazima kitwangwe na kuchemshwa sana mpaka sumu yake iishe. Matembele yachumwe ncha tu, shina libaki, na magunia yapokezane: leo hili, baada ya siku nne lile, ili kila moja lipate nafasi ya kuchipua upya.